Milimita 3 Zilizonunuliwa Ziliwe

Chukua tangi la presha, lile la chuma linene unaloona kwenye viwanda vya mafuta na kemikali. Injinia anapiga hesabu: presha ni hii, upana ni huu, chuma ni cha aina hii, kwa hivyo ukuta wa milimita 9 unatosha. Halafu tangi linafika kiwandani, unapima ukuta, unapata 12. Hizo 3 za ziada zinatoka wapi?

Si za nguvu. Kwenye hesabu ya nguvu hazihesabiwi kabisa. Zimenunuliwa kwa pesa, zikakunjwa, zikachomelewa, zikabebwa kwa lori, ili ziliwe. Kutu itazila polepole, mwaka baada ya mwaka, na siku zikiisha tangi linastaafu hata kama kwa macho bado liko fiti. Kwa Kiswahili tuziite nyongeza ya kutu. Sijaona wazo lenye ukweli zaidi kwenye mchoro wa injinia, kwa sababu mtu anakubali mapema, kwa maandishi na kwa namba, kwamba kitu anachojenga kitaoza.

Na usifikirie ati lilitoka kwa hekima ya watu waliokaa chini wakatafakari. Lilitoka kwa mazishi.

Turudi Uingereza, katikati ya karne ya 19. Manchester imejaa viwanda vya pamba na kila kiwanda kina boila ya mvuke. Boila ni chungu kikubwa cha chuma kilichofungwa, maji yanachemka ndani, mvuke unasukuma mashine. Na zinalipuka. Ikilipuka moja inabomoa ukuta wa kiwanda, inaua wafanyakazi, wakati mwingine na jirani aliyekuwa kwake tu. Halafu kikao cha uchunguzi kinakaa, kinasikiliza mashahidi, kinaamua: ajali. Kesi imefungwa, twende kazi.

Kitu kinachonishangaza ni maelezo waliyokuwa wakipeana. Kuna waliosema maji yaligawanyika ndani ya boila yakawa gesi ya hidrojeni ikawaka. Kuna waliosema ni umeme. Kuna waliolaumu mtu wa makaa kila wakati, ati aliacha maji yakaisha, na mara nyingi huyo jamaa hakuwepo kujitetea kwa sababu alikuwa wa kwanza kufa. Mlipuko ulikuwa kitu cha ajabu, na kitu cha ajabu hakina mtu wa kulaumiwa. Mwenye kiwanda alifurahia sana maelezo kama hayo.

Katikati ya miaka ya 1850, mainjinia wa Manchester wakiwemo William Fairbairn na Joseph Whitworth wakasaidia kuanzisha chama cha kuzuia milipuko ya boila. Mwenye kiwanda analipa ada, mkaguzi anakuja kuangalia boila yake. Baadaye injinia mkuu wa chama hicho, Lavington Fletcher, alitumia miaka mingi akisema jambo moja: hakuna ajabu hapa. Boila hulipuka kwa sababu ni dhaifu. Imejengwa vibaya, au imeliwa.

Imeliwa. Maji ya boila yana hewa na chumvi na wakati mwingine asidi, na yanatafuna bamba kwa ndani, hasa karibu na maungio. Kwa nje, boila ilikaa juu ya matofali, na pale tofali linapogusana na chuma unyevu ulijificha ukila mahali ambapo hakuna jicho lingefika. Mkaguzi alikuwa anaingia ndani ya boila iliyopoa, giza totoro, na taa na nyundo. Anagonga. Chuma kinene kina sauti yake na chuma chembamba kina sauti yake. Kama ana shaka anatoboa tundu dogo, anapima unene, halafu anaziba. Hicho ndicho kilikuwa kipimo. Sikio na tundu.

Mwaka 1882 Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwamba mlipuko wa boila uripotiwe na uchunguzwe. Ukianza kuandika sababu za milipuko moja baada ya nyingine, ile stori ya umeme inakufa yenyewe. Zinabaki sababu za kawaida kabisa, na kulika kwa chuma kunarudi tena na tena.

Marekani walifika hapo kwa njia yao, na walilipa zaidi. Aprili 27, 1865, meli ya mvuke Sultana ililipuka kwenye mto Mississippi karibu na Memphis. Ilikuwa imeruhusiwa kubeba watu 376. Ilikuwa na zaidi ya 2,000, wengi wao wanajeshi waliotoka tu kwenye kambi za wafungwa wa vita. Walikufa zaidi ya 1,100. Siku chache kabla, boila moja ilikuwa inavuja, na badala ya kufanyiwa ukarabati kamili ikawekwa kiraka cha bamba jembamba kuliko la awali ili safari isichelewe. Wanahistoria bado wanabishana chanzo hasa kilikuwa nini, kiraka, maji machache, au meli kuyumba kwa uzito. Mimi nakitazama kile kiraka. Mtu alijua ukuta umechoka, na bado akaweka chembamba.

Mwaka uliofuata, 1866, kampuni ya bima ya boila ikaanzishwa mji wa Hartford. Wazo lao lilikuwa rahisi: tukikulipia boila ikilipuka, basi lazima tuingie ndani tuikague. Pesa ya bima ikafanya kazi ambayo huruma ilishindwa kufanya. Si jambo zuri kusema lakini ndivyo ilivyokuwa.

Halafu 1905, Brockton, Massachusetts. Kiwanda cha viatu cha Grover, asubuhi ya Machi 20, wafanyakazi wako ndani, boila ya zamani inalipuka, inapaa kupitia jengo, jengo linaanguka na kuwaka moto. Watu 58 wakafa. Ufa ulikuwa umejificha kwenye maungio, pale bamba moja linapolalia lingine na kufungwa kwa ribiti. Usingeuona hata ukiingia na taa. Mwaka 1907 jimbo likatunga sheria ya boila, na mwaka 1914 chama cha mainjinia wa mitambo wa Marekani, ASME, kikakamilisha kitabu chake cha kwanza cha kanuni za boila. Mwaka 1925 wakaongeza sehemu ya matangi ya presha yasiyowashwa moto, maana viwanda vya mafuta sasa vilikuwa vinachipuka kila mahali na matangi yao yalikuwa yanaua watu vilevile.

Hapa sasa ndio stori ya milimita zetu inakuwa tamu.

Kanuni za mwanzo zilitumia kizidishio cha usalama cha 5. Maana yake: kama hesabu inasema chuma kitapasuka kwa presha ya 500, wewe ruhusa yako ni 100. Hiyo ni minofu mingi sana. Ndani ya minofu hiyo ulificha kila kitu: chuma kibaya, fundi mlevi, hesabu ya kukisia, na kutu pia. Ukuta ukiliwa kidogo hakuna anayeshtuka, bado una minofu.

Lakini chuma kikaboreka, kuchomelea kukachukua nafasi ya ribiti, picha za eksirei zikaanza kuonyesha ndani ya maungio. Mainjinia wakasema, sasa tunajua zaidi, tunaweza kupunguza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kizidishio kikawa 4. Mwaka 1999 kikashuka hadi 3.5. Kila hatua ilikuwa na sababu nzuri, na mimi siipingi. Chuma kinagharimu pesa. Lakini kila minofu inapopungua, kitu kilichokuwa kimejificha ndani yake kinatoka nje. Kutu haiwezi tena kujibanza kwenye kizidishio cha usalama. Inabidi iwe na mstari wake kwenye hesabu, jina lake na namba yake.

Na namba yenyewe inapatikana vipi? Kwa kuzidisha tu. Kama kimiminika fulani kinakula milimita 0.15 za chuma kwa mwaka, na unataka tangi lidumu miaka 20, 0.15 mara 20 ni 3. Kwa chuma cha kawaida utaona 1.5, utaona 3, na mahali pabaya 6. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza hiyo hesabu.

Ugumu uko kwenye ile 0.15. Nani amekuambia ni 0.15? Leo mafuta ghafi yana salfa kidogo, mwaka kesho mnunuzi amepata ya bei rahisi yenye salfa nyingi. Leo joto ni hili, kesho meneja anataka uzalishaji upande, joto nalo linapanda. Kanuni za ASME zenyewe hazikupi namba moja ya kutumia kila mahali. Zinamwachia mwenye tangi aseme ni ngapi, kwa sababu ni yeye anayejua ataweka nini ndani. Tafsiri yake ya mtaani ni kwamba anayelipia chuma ndiye anayeamua chuma cha ziada kiwe kiasi gani. Kutoka 9 kwenda 12 unaongeza theluthi nzima ya chuma. Kuna kikao mahali fulani ambapo mtu wa bajeti anaangalia hiyo theluthi na kuuliza, hii ya nini?

Kitu ninachopenda zaidi kwenye kanuni hizo ni kitundu. Unaruhusiwa kutoboa vitundu vyembamba kutoka nje ya ukuta, visitokee ndani, viende kina cha angalau asilimia 80 ya unene unaohitajika. Vinakaa tu hapo miaka. Kutu ikila kutoka ndani mpaka ikafika kwenye ncha ya kitundu, kinaanza kuvuja kidogo. Tangi linasema lenyewe kwamba nimefika mwisho. Hairuhusiwi kwa matangi ya vitu vya sumu kali, kwa sababu ambazo unaweza kujijazia. Garimoshi za mvuke zilikuwa na ujanja wa ukoo huo huo: zile nguzo fupi za chuma zinazoshikilia kuta za tanuri zilitobolewa katikati, na nguzo ikikatika mvuke unapiga mluzi kwenye tundu. Ukienda makumbusho ya reli pale Nairobi, simama mbele ya Mount Gelai, namba 5918, uangalie ukubwa wa boila yake. Ilijengwa Manchester miaka ya 1950, mji uleule wa Fairbairn, na ilipanda kutoka Mombasa ikivuta mizigo yetu na mvuke wa presha mgongoni. Nasi tulirithi boila pamoja na ukaguzi wake: sheria yetu ya usalama kazini ya 2007 ina vipengele vya boila za mvuke na kukaguliwa kwake.

Baada ya vita kifaa kingine kikaanza kuenea: kupima unene kwa mawimbi ya sauti. Unaweka kichwa cha kifaa juu ya chuma kwa nje, sauti inakwenda mpaka ukuta wa ndani na kurudi, kifaa kinahesabu muda. Kwenye chuma sauti inakwenda karibu mita 5,900 kwa sekunde, kwa hivyo ukuta wa milimita 12 unajibu ndani ya kama mikrosekunde 4. Hakuna kutoboa, hakuna kuingia gizani. Ungedhani hapo mambo yameisha, sindio?

Kwanza, kuna adui ambao milimita za ziada haziwahusu. Kutu inaweza kuchimba shimo moja refu jembamba huku pembeni chuma kiko sawa. Na ufa hauli unene, unapasua. Julai 23, 1984, huko Romeoville, Illinois, tangi refu la kiwanda cha mafuta lilipasuka karibu na mahali palipochomelewa na likaua watu 17, wengi wao wazimamoto wa kiwanda hichohicho. Ufa ulikuwa umekua ndani ya chuma. Ungeongeza unene ungechelewesha tu.

Pili, na hii ndiyo inaniuma, kipimo ni cha mahali ulipogusa. Sentimita 20 pembeni hujui kitu.

Richmond, California, Agosti 6, 2012. Kiwanda cha Chevron. Si tangi hapa bali bomba la inchi 8, lakini hesabu ya ukuta na kutu ni ileile. Lilikuwa limefungwa 1976. Mafuta ya moto yenye salfa yanapita, na kwenye joto la zaidi ya nyuzi 230 salfa inakula chuma bila hata tone la maji. Kasi ya kuliwa inategemea kitu kidogo sana: silikoni iliyo ndani ya chuma. Chuma chenye silikoni ya kutosha kinaliwa polepole. Chuma chenye silikoni kidogo kinaliwa haraka mara nyingi zaidi. Enzi bomba lile linanunuliwa, viwango havikulazimisha kiasi cha chini cha silikoni, kwa hivyo kwenye laini moja ukapata vipande vya kila aina vimechomelewa pamoja, rangi moja, sura moja.

Kipande kimoja cha urefu wa inchi 52, kama mita 1.3, kilikuwa cha silikoni kidogo. Majirani zake walikuwa wanapimwa na walikuwa wanaonekana wazima. Ripoti ya CSB, bodi ya serikali ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali, ilikuta kwamba karibu na palipopasuka ukuta ulikuwa umepoteza kama asilimia 90. Na si ati hakuna aliyejua hatari. Wataalamu wa ndani ya kampuni walikuwa wamependekeza zaidi ya mara moja kila kipande cha laini kama hizo kipimwe. Haikufanyika.

Siku hiyo bomba lilianza kuvuja kidogo tu. Mtambo haukuzimwa. Wazimamoto wakaanza kuondoa kitambaa cha kuzuia joto ili waone tundu liko wapi, bomba likapasuka, wingu la mvuke wa mafuta likawameza wafanyakazi 19. Wote walitoka, na ukitazama video ya moto ule hutaelewa walitokaje. Moshi ukatanda juu ya mitaa, na wiki zilizofuata watu kama 15,000 wakaenda kutafuta matibabu. Mitaa iliyo karibu na kiwanda kile si mitaa ya matajiri. Nani anakaa chini ya moshi ni stori unayoijua hata kama hujawahi kutoka Embakasi.

Miaka saba baadaye, Juni 21, 2019, Philadelphia, kiwanda cha PES. Stori ni ileile mpaka inakera. Elbo ya bomba, yaani ile kona, iliyofungwa karibu 1973, kwenye mtambo unaotumia asidi ya hidrofluoriki, kitu ambacho hutaki kikuguse hata kidogo. Chuma cha elbo hiyo kilikuwa na nikeli na shaba nyingi kuliko majirani zake, na asidi ile inapenda chuma cha namna hiyo. Majirani walipimwa. Elbo haikupimwa. Kikomo cha kustaafu kilikuwa kama milimita 4.6. Ilipopasuka, sehemu yake nyembamba zaidi ilikuwa milimita 0.3.

Shika kadi yako ya benki. Nusu ya unene wake, au hata chini kidogo. Hicho ndicho kilikuwa kinashikilia presha.

Unajua chama, kile cha kuweka akiba kila mwezi? Kuna watu wanachanga miaka mitano na hawajawahi kumuuliza mweka hazina salio. Wanajua tu kwamba walichanga. Nyongeza ya kutu inatumika hivyo sehemu nyingi. Mtu anakumbuka kwamba mwaka 1973 kulikuwa na milimita za ziada, na kumbukumbu hiyo inageuka kuwa usalama. Lakini milimita zile hazikuwa usalama kamwe, zilikuwa muda. Mchoraji alinunua miaka kadhaa na akaacha deni la kupima. Aliyestaafu akamwachia mwingine, kampuni ikauzwa, makaratasi yakahamishwa ofisi, na deni likabaki bila jina. Mimi sioni kosa kubwa la hesabu kwenye hizi stori mbili. Fairbairn akifufuka leo angezielewa dakika moja: kuna kipande ambacho hakuna mtu aliyekigonga na nyundo.

Baada ya Richmond, California iliandika upya kanuni za viwanda vya mafuta, zikaanza kufanya kazi Oktoba 2017, na sasa kiwanda kinatakiwa kukaa chini na kuorodhesha kila njia ambayo chuma chake kinaweza kuharibika, mtambo kwa mtambo.

Philadelphia hawakupata nafasi hiyo. Elbo ilipopasuka gesi ilitoka, ikawaka, na tangi moja likalipuka. Kipande chake cha kama tani 17 kikaruka kikavuka mto Schuylkill na kutua ng'ambo. Hakuna aliyefariki. Mfanyakazi wa chumba cha kudhibiti mitambo aliwahi kumwaga asidi iliyobaki kwenda kwenye tangi la dharura, la sivyo tungekuwa tunaongea mengine. Kampuni ikaomba kufilisika mwezi uliofuata, zaidi ya watu 1,000 wakapoteza kazi, na mwaka 2020 ardhi ikauzwa na mitambo ikaanza kubomolewa.